Mke, Mama na Bibi katika Historia ya Ufipa

Historia ya Ufipa inaanzia kwa wanawake. Simulizi la kale la nyanda hizi za juu linasema kwamba Ntatakwa, mfalme wa Milansi, alikuwa ameondoka kwenda kuwinda pale wanawake watatu wageni walipofika kwenye makao yake. Aliporudi alikuta enzi imekwisha kuhama. Milansi ikabakiwa na eneo dogo na heshima ya mambo ya mila, ikiwamo kuwatawaza watawala wapya. Nchi iliyobaki ilishikwa na wageni wale, na kutokana nao ukatoka ukoo wa Twa, ambao baadaye uligawanyika katika tawala mbili, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Kila mwene, yaani mtawala, aliyekalia kiti katika tawala hizo alikuwa akijihesabu kuwa mjukuu wa mwanamke.

Mwanamke wa kijijini, aliyeolewa, akazaa, akalima na kulea wajukuu, hakuwa na mtu wa kumtunzia habari zake kwa namna hiyo. Nasaba za watawala zilikaririwa na wazee, lakini maisha yake yeye yalibaki kwa watu waliokula chakula chake na kulala nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo historia ya mke, mama na bibi wa Kifipa haina budi kutafutwa shambani, jikoni, katika hadithi za jioni, na tangu mwishoni mwa karne ya 19, katika madaftari ya parokia.

Ufipa imekaa juu, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, chini ya milima ya Mbizi, na miezi ya Juni na Julai baridi yake huwashangaza wageni. Sehemu kubwa ya nyanda hizi ni nyasi tupu, miti ni michache. Katika nchi ya namna hii mtu hawezi kukata miti, kuichoma na kupanda kwenye majivu kama wafanyavyo wakulima wa misitu ya miombo. Wafipa walitegemea nyasi zenyewe. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi hukatwa kwa jembe na kufunikwa kwa udongo katika matuta makubwa ya duara, zioze humo ndani. Maharage yanaweza kupandwa juu ya matuta hayo. Msimu unaofuata matuta huvunjwa, udongo uliokwisha kurutubika husambazwa, na ulezi hupandwa. Majirani wa kusini, Wamambwe, wanao utaratibu unaofanana nao na wanauita fundikila.

Kilimo hicho kilitaka mikono mingi na kumbukumbu nzuri. Mtu alipaswa kujua tuta lipi lilifunikwa mwaka gani, udongo upi umechoka, na mbegu ipi ya ulezi inastahimili baridi ya nyanda za juu. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Msichana aliupata kwa kumfuata mama na bibi shambani, na alipoolewa aliuhamishia katika mashamba ya nyumba yake mpya. Mavuno nayo yalitegemea pombe. Ulezi uliooteshwa na kukaushwa ulitengenezwa kuwa kimpumu, pombe nzito inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija, nao majirani walioitwa kulima walijua kwamba jioni kutakuwa na chungu. Kwa hiyo mwanamke hodari wa kupika pombe ndiye aliyeweza kuita nguvukazi ya kijiji. Ukubwa wa shamba la familia ulikuwa unategemea chungu chake pamoja na jembe la mumewe.

Majembe hayo yalifuliwa Ufipa kwenyewe, na hapo ndipo mawazo ya Wafipa juu ya mke na mama yanapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Wafua chuma wa nyanda hizi walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yanayofikia mita 3 hivi, yaliyojiendesha kwa upepo uliovutwa kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo la mivukuto kabla ya kufuliwa. Watafiti walioandika habari za kazi hii wanaeleza kwamba tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi: lilipambwa, liliimbiwa, na dawa ziliwekwa ndani yake. Chuma kilichotoka kilihesabiwa kuwa mtoto. Wakati wa kazi wafua chuma walijitenga na wake zao, na mwanamke aliye katika hedhi hakuruhusiwa kusogea. Wanawake wenyewe waliwekwa mbali na tanuri, ilhali kazi nzima ilielezwa kwa lugha ya miili yao. Wafipa walipotafuta mfano wa kitu kinachogeuza udongo mwekundu kuwa uhai wa nchi, walimwona mama anayezaa. Ni heshima kubwa, hata kama ilimwacha mwenye mfano huo nje ya ua. Majembe ya kigeni yaliyoingizwa wakati wa ukoloni yaliua kazi hiyo kabla ya katikati ya karne ya 20, lakini mabaki ya malungu bado yamesimama katika maeneo mengi ya Nkansi na Sumbawanga.

Jembe liliingia pia katika ndoa. Kijana aliyeposa alitakiwa kuwafanyia kazi wazazi wa msichana, na majembe yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyotolewa kabla ya fedha na ng'ombe kuchukua nafasi yao. Ukoo ulihesabiwa kwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, hivyo mtoto hakutengwa na wajomba zake, na mke hakuyeyuka katika ukoo wa mumewe. Vijiji vya Ufipa vilikuwa na watu wa koo mbalimbali wanaoishi pamoja kwa ujirani. Katika vijiji hivyo alikuwapo mwanamke aliyechaguliwa na wanawake wenzake kusimamia mwenendo mwema, hasa katika mambo ya matusi na aibu. Mwanamume aliyemtukana mwanamke hadharani aliweza kutozwa faini naye. Roy Willis, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliliandika jambo hili. Linastahili kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana, kwa kuwa linaonyesha kwamba bibi mwenye busara hakusikilizwa na wajukuu wake peke yao. Alikuwa na kiti katika mambo ya umma.

Karne ya 19 iliyavuruga maisha hayo. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walifika kutoka kusini, na Zwangendaba mwenyewe alifia Ufipa. Baada yao misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilizidi kupita, na kusini, katika Lyangalile, mbabe aliyeitwa Kimalaunga alitawala kwa mabavu hadi Wajerumani walipomshinda mwishoni mwa miaka ya 1890. Hata hivyo Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kuwa wakulima watulivu na wenye bidii. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli kwa sehemu za Nkansi alizoziona, lakini haikuwafikia wanawake waliokuwa wakitekwa katika ukanda wote kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika.

Wanawake hao tunawajua kidogo kutokana na kazi ya Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyeishi na mumewe miongoni mwa majirani wa Ufipa upande wa kusini-mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliandika habari za maisha ya wanawake waliokuwa wamenusurika utumwani. Mmoja wao ni bibi aitwaye Narwimba. Habari zake zilichapishwa kwa Kijerumani, kisha mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akazitoa upya pamoja na za wengine katika kitabu kuhusu watumwa na wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Narwimba alifiwa na mume, alitekwa, alihama kutoka kwa bwana huyu kwenda kwa yule, na muda wote alihangaikia jambo moja: wanawe na wajukuu wake wasitawanyike. Kwa mwanamke wa wakati ule, asiye na ndugu wa kumtetea, kuwa mke wa mtu kulikuwa kinga, na kuwa na wajukuu kulikuwa ushahidi kwamba utumwa haukummaliza. Masimulizi ya namna hii ni machache mno katika Afrika Mashariki yote, na yanapaswa kusomwa shuleni Rukwa na Songwe kama yanavyosomwa masimulizi ya machifu.

Nyumba ya bibi ndiyo taasisi iliyopokea watoto wa Ufipa kwa vizazi vingi. Mtoto akishaachishwa ziwa na kupata akili kidogo, hakulala tena chumba kimoja na wazazi wake. Adabu haikuruhusu. Alikwenda kulala kwa babu na bibi, na wavulana wakikua walihamia nyumba za wenzao wa rika lao. Wasichana wengi walibaki kwa bibi hadi karibu na kuolewa. Kathleen Smythe, aliyeandika juu ya familia za Nkansi kati ya miaka ya 1880 na 1960, anaonyesha kwamba huko ndiko mtoto alikojifunza mambo ambayo mama hakuweza kuyatamka mbele yake: mwili, namna ya kuishi na mume, namna ya kuzungumza na wakwe. Mama alilisha na kuamrisha, na bibi akafundisha.

Uhuru huo wa bibi unatokana na desturi ambayo Watanzania wa makabila mengi wanaifahamu. Kati ya mzazi na mtoto kuna haya. Kati ya bibi na mjukuu kuna utani. Mjukuu wa kiume humwita bibi yake "mke wangu", naye bibi humjibu "mume wangu" na kumdai kuni, nyama au kitenge. Mjukuu wa kike huitwa mke mwenza. Masihara haya yamebeba elimu nzito, kwani humo ndimo kijana anamosikia kwa mara ya kwanza kwamba mume hutafuta kuni, mke huangalia akiba, na mvivu hapati mchumba.

Jioni, moto ukiwa katikati, zilifuata hadithi. Willis alikusanya nyingi na kuzichapisha mwaka 1978 katika kitabu There Was a Certain Man. Kalulu, yaani sungura, anamshinda simba kwa hila. Mtu anaondoka kijijini na kurudi akiwa mwingine. Hadithi za Wafipa zinampenda mtu anayetumia akili na kushirikiana na wengine, na miongoni mwa wasimulizi wake walikuwamo bibi hawa wasiojua kusoma. Msimulizi hakuambiwa asante. Sifa yake ilikuwa kwamba watoto wa majirani nao walikuja kulala kwake.

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walishika ngome ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885 na baadaye wakapanda hadi nyanda za juu, Kate, Mwazye na kwingineko. Utaratibu wa Lavigerie uliwataka watu wasome mafundisho kwa miaka 4 kabla ya ubatizo. Kisha jina liliandikwa. Kwa mwanamke wa Ufipa hilo lilikuwa jambo jipya kabisa: siku yake ilitiwa wino. Daftari la parokia lilitaja jina lake, la baba na la mama, msimamizi wake wa ubatizo, baadaye kipaimara, ndoa, na mwishowe mazishi. Mapadri hao, ambao shirika lao lilianzia Afrika ya Kaskazini, waliwapenda watakatifu wa huko, na kwa hiyo nyanda za Ufipa zilijaa akina Perpetua, Felista na Monika. Leo majina hayo yanahesabiwa kuwa ya bibi zetu, ya wazee wa Nkansi na Sumbawanga, wala hakuna anayeyaona kuwa ya kigeni.

Daftari lina thamani kubwa na lina upungufu. Linajua siku aliyofunga ndoa, lakini halijui alipika pombe ya namna gani, wala ni watoto wangapi wa watu wengine waliolelewa mikononi mwake. Mtu anayetafuta maisha ya bibi yake Ufipa hupata tarehe kanisani na mambo mengine yote kwa shangazi na wajomba.

Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeiongoza misheni ya Tanganyika kuanzia mwaka 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, alifungua mlango mwingine. Masista Weupe kutoka Ulaya walikuwa wamefika katika miaka ya 1890, na mwaka 1907 huko Karema likaanzishwa shirika la masista Waafrika, Maria Malkia wa Afrika. Msichana aliweza sasa kukataa kuolewa bila kuitwa mkosefu. Wazazi walipata shida kubwa. Familia ya Kifipa iliona uzazi kuwa deni: mama aliyelelewa na bibi anapaswa naye kuwa bibi. Binti aliyeingia utawa alikata mlolongo huo, na pia kijana aliyekwenda seminari. Smythe anaeleza vizuri jinsi wazazi walivyolikubali jambo hili polepole, kwa kuona kwamba shule za bweni za misheni zilifanana kidogo na desturi yao ya kumtoa mtoto nyumbani akalelewe na wengine, na kwamba padri au sista alileta heshima na msaada kwa ukoo wote. Mama aliyemtoa mtoto wake kwa Kanisa aliheshimiwa kijijini. Kardinali Polycarp Pengo, aliyezaliwa Mwazye mwaka 1944, ni tunda la nyumba za namna hiyo. Lakini heshima haikufuta maumivu ya mama aliyejua kwamba hataitwa bibi kwa upande wa mtoto huyo, na waandishi wa historia ya Kanisa wangefanya vema kuyataja maumivu hayo pamoja na shangwe za upadrisho.

Wakati wa Waingereza kodi iliwatoa wanaume. Wengine walikwenda kuchimba dhahabu Lupa karibu na Chunya, wengine mashamba ya katani ya mbali, na wengine mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda, uliofikiwa na reli kutoka Kaliua mwaka 1950. Wake walibaki na mashamba, watoto na wakwe. Katika miaka hiyo fedha ya pombe ililipa ada, ikanunua chumvi na nguo, na mara nyingine ikalipa kodi ya mume asiyeleta barua. Wazee wa leo walilelewa na akina mama hao, ndiyo maana wanapowataja hutaja kwanza kazi.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 viliwahamisha watu, na makaburi ya bibi wengi yakabaki kwenye mahame. Mwaka 1974 Rukwa ikawa mkoa, makao makuu yakiwa Sumbawanga. Mahindi yalichukua nafasi ya ulezi kama chakula na kama zao la kuuza, na Rukwa ikaingia katika kundi la mikoa inayolisha taifa. Elimu ya msingi kwa wote iliwapeleka watoto shuleni asubuhi na mapema, na jioni wakawa na masomo ya kuandika. Nyumba ya bibi ilipoteza saa zake. Ukimwi ukaijaza tena kwa njia ya huzuni, pale wanawake wa miaka 60 na 70 walipolazimika kuanza upya kulea watoto wadogo walioachwa na wazazi wao. Kizazi hicho cha bibi kililea mara mbili.

Namna ya kumkumbuka mwanamke aliyefariki nayo imebadilika. Zamani habari ya kifo ilipelekwa kwa mguu, kisha ikasomwa katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, ambayo familia nzima iliyasikiliza kimya ikingoja jina la kijiji chao. Sasa simu na redio za mkoani hufikisha habari kwa dakika chache. Kwa familia za Kikatoliki, Jumuiya Ndogo Ndogo hushika sala za usiku na michango, na Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, umoja ulioanzishwa mwaka 1972, humsindikiza mwenzao wakiwa wamevaa sare ya kitenge. Kabla ya kuaga mwili husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani, ameacha watoto wangapi, wajukuu wangapi, vitukuu wangapi. Wasifu hufuata mpangilio wa daftari la parokia, na mara nyingi ni mfupi kupita kiasi kwa mtu aliyeishi miaka 80. Wajukuu ndio wanaouongezea nyama kwa utani wao. Mmoja hulalamika kwamba "mke" wake amemkimbia bila talaka, mwingine huiga sauti yake alipokuwa akigawa viazi, na waombolezaji hucheka huku machozi yakiwatoka. Desturi hiyo haina dharau ndani yake, na mapadri wenye hekima huiachia nafasi yake kabla ya ibada.

Baada ya mazishi hufuata matanga, misa ya kumwombea, na baadaye kujengea kaburi, kazi ambayo mara nyingi hungoja ndugu wa mbali wapate nafasi ya kusafiri. Mwezi wa Novemba, kuanzia siku ya Marehemu Wote tarehe 2, makaburi husafishwa na majina husomwa kanisani. Mali ya marehemu hugawanywa katika kikao cha ukoo. Vitenge, vyungu na sufuria kwa kawaida huenda kwa mabinti na wajukuu wa kike. Mashamba yalileta ugomvi zaidi, hasa alipofariki mume kwanza na ndugu zake wakataka kumwondoa mjane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitambua mchango wa mke katika mali ya nyumba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Tangu hapo halmashauri za vijiji Nkansi, Kalambo na Sumbawanga haziwezi kumnyima mama, kwa kuwa ni mwanamke, haki ya kuandikwa mmiliki wa shamba alilolilima, na wajukuu wanaweza kulirithi kwa jina lake yeye.